Kurasa za Unyoya

3 Juni

Mdogo wangu,

Kwanza nikutoe wasiwasi: mashine haijanitoboa kidole wiki hii, na paka wa jirani bado ananichukia. Kwa hiyo huku hakuna lililobadilika.

Bahasha imenenepa kwa sababu ndani yake kuna kitabu, au tuseme kipande cha kitabu. Shangazi alinipa alipokuwa anapunguza vitu vyake. Alisema alikisoma akiwa msichana, na baada yake hakuna aliyekigusa isipokuwa mende. Hakina jalada wala jina la mtunzi, na kinaanzia katikati ya sentensi. Ni hadithi ya zamani sana, ya watu wa sarakasi waliokuwa wakizunguka mji hadi mji na mikokoteni ya ng'ombe, taa za mafuta na hema moja kubwa lenye viraka. Mwandishi anasema hema lile lilishonwa kwa uzi wa pamba mtupu. Hapo nilicheka mwenyewe. Mimi ninayeshona maturubai ya malori kila siku ya Mungu najua uzi huo ungeoza masika ya kwanza tu. Lakini mengine yote ninamwamini.

Kuna binti anaitwa Unyoya. Anaruka kutoka bembea moja hadi nyingine, juu kabisa ya hema, na hakuna wavu chini. Wa kumdaka ni mwanamume anayening'inia kichwa chini kwenye bembea ya pili, wamempa jina la Nanga. Nimesoma theluthi moja nikashindwa kula. Nikakumbuka zamani ulivyokuwa ukinilazimisha nikusomee kwa sauti halafu unalala kabla ya mwisho. Basi nimekikata kwa kisu changu cha turubai, vipande vitatu. Nikimaliza kipande nakutumia. Shangazi asijue nimemchinjia kitabu chake.

Sasa nikuulize jambo. Umeandika kwamba mmehamishiwa minara ya nafaka, na umeliandika kama mtu anayesema amebadilisha sabuni. Nyumba za ghorofa mbili nilikuwa nimezizoea. Mnara sijauzoea. Unapopaka rangi huko juu, ni nani anayeshika kamba yako? Nieleze vizuri, usinizungushe.

Dada yako

14 Juni

Dada,

Kipande kimefika na kimeshaanza kuchakaa, maana si mimi peke yangu ninayekisoma. Jioni tukishaoga tunakaa bandani, nami nasoma kwa sauti. Tulianza watatu. Sasa hata mpishi anakuja na sufuria lake, anajifanya anaosha. Tumemaliza pale Unyoya anapojifunza kuruka na mzee anayetunza farasi anamwambia asitazame chini kwa sababu chini hakujabadilika tangu jana. Vijana wamenibandika jina. Nikitoka asubuhi wananiambia, Unyoya, mbawa zako umesahau.

Umeuliza anayeshika kamba. Tunamwita Taratibu, na jina hilo hakulipata kwa bahati mbaya. Akikoroga chai, chai inapoa. Amefanya kazi hii tangu mimi sijazaliwa. Yeye anakaa juu ya paa la mnara. Kamba yangu ameizungusha kwenye nguzo ya chuma, nami nimekaa kwenye kibao kama mtoto kwenye bembea, na ndoo ya rangi pembeni. Nikimaliza kupaka sehemu, nampigia kelele "haya", naye analegeza kamba nashuka kidogo. Nikitaka asubiri nasema "bado". Maneno ni hayo mawili tu, ya kizee kabisa. Kazi yenyewe ni rahisi kuliko kukaa na wewe ukiwa na njaa.

Siogopi, dada. Nakuambia ukweli, kule juu kuna upepo mzuri na hakuna inzi. Tuma kipande cha pili, mpishi ametishia kutunyima chumvi.

Mdogo wako

14 Juni

Shangazi, shikamoo.

Barua hii ni yako peke yako, naomba dada asiione. Nimetoka kumwandikia sasa hivi kwamba siogopi, na wino haujakauka.

Shangazi, naogopa mpaka naona aibu. Hofu inaanza nikiwa bado nakunywa chai. Nikikaa kwenye kibao na kusukuma ukuta kwa miguu, mikono inalowa jasho hadi brashi inateleza. Juzi niliiangusha. Nilisikiliza itue, na ikachukua muda mrefu mno kutua. Nimesaini kazi hii mpaka minara yote iishe, na kurudi nyumbani nimeshindwa siwezi, baada ya maneno yote niliyomwambia dada.

Kinachonipandisha ni kile kitabu chako. Usicheke. Yule Unyoya kabla ya kuruka anagusisha ulimi kwenye meno ya juu, anavuta pumzi moja, ndipo anaachia. Nami nafanya hivyohivyo kabla ya kukalia kibao. Nikiwa kule siwazi mnara, namuwaza yeye. Najiambia, kama binti yule alifanya haya kila siku bila wavu na akafika uzeeni, mimi mwenye kamba nina nini cha kulalamika. Sijui kama alifika uzeeni, bado sijafika huko. Lakini lazima alifika, maana mwandishi anampenda, inaonekana.

Nakushukuru kwa kukihifadhi. Niombee.

Mwanao

25 Juni

Shangazi, shikamoo.

Kile kitabu ulichonipa nilikuwa namtumia mdogo wangu kwa vipande. Ndiyo, nimekikata, utanigombeza baadaye. Nimeshamtumia vipande viwili. Leo mchana nilikaa nyuma ya karakana, kwenye marobota ya turubai, nianze cha mwisho.

Unyoya ameanguka, shangazi. Mwandishi hakutuandaa hata kidogo. Muuza tiketi amesimama mlangoni mwa hema, anatazama juu. Anamwona Unyoya yuko mikononi mwa Nanga, anaona midomo yake ikisema kitu, halafu anaona vidole vya Nanga vinafunguka. Hivyo tu, vinafunguka. Na ngoma zinaendelea kupigwa kwa sababu wapigaji wamegeuka upande mwingine. Nilifunga kurasa palepale. Sikusoma neno lililofuata na sitalisoma.

Hiki kipande hakitakwenda kwa mdogo wangu. Yeye kila siku ananing'inia kwenye mikono ya mtu mwingine, mzee mmoja wanayemwita Taratibu. Hata jina lake linanitia hofu. Mtu mzito wa kufanya, mwenye maisha ya mdogo wangu kiganjani. Akisoma kwamba Nanga alimwachia Unyoya, kesho yake atapandaje? Na asipopanda vizuri, atashukaje? Mdogo wangu haogopi kitu, hilo ndilo linalomlinda, nami sitakuwa mtu wa kumfundisha kuogopa.

Nimezificha kurasa chini ya mto wa kiti changu cha mashine. Nitamtungia mwisho mwingine. Nakuomba, akikuuliza, usinisaliti.

Binti yako

26 Juni

Mdogo wangu,

Nina habari mbaya na nzuri. Mbaya ni kwamba chupa ya mafuta ya mashine imemwagikia kipande cha mwisho, na kurasa zimegeuka chapati. Nzuri ni kwamba nilikuwa nimeshamaliza kusoma. Kwa hiyo mwite mpishi na sufuria lake, nawasimulia mimi.

Ni onyesho kubwa la mwisho wa safari. Hema limejaa hadi watu wamekaa juu ya mapipa. Unyoya anaruka, Nanga anamdaka, vizuri kabisa. Sasa anatakiwa kumrusha kwenye bembea yake, lakini bembea inachelewa kurudi, imejisokota. Watu wote wameona. Unyoya anapiga kelele moja tu: "Usiachie." Na Nanga haachii. Anabembea naye mara ya kwanza, mara ya pili, mishipa imemtoka shingoni, mpaka bembea inakuja na Unyoya anaidaka. Hema zima linasimama. Mwaka ule Unyoya anaacha kuruka, anaolewa na muuza tiketi, na farasi mzee anapewa shamba la kula majani mpaka meno yaishe. Mwisho.

Nawe huko, siku ukiona mambo hayaendi, mwambie huyo mzee wako kama Unyoya alivyosema. Usiachie. Neno lenyewe linaeleweka, si kama hilo "bado" lenu ambalo mtu anaweza kudhani unaomba chai nyingine.

Nakula, nalala, nakufikiria.

Dada yako

8 Julai

Dada,

Laiti ungekuwepo. Niliisoma barua yako nimesimama juu ya ndoo, kwa sababu ya heshima. Niliposema Nanga hakuachia, mpishi aliweka sufuria chini akatoka nje, akasema anaenda kutazama moto. Moto ulikuwa umeshazimwa.

Sasa nikupe habari itakayokufurahisha. Tumelipitisha hilo neno kuwa sheria. Sisi wote tunaokalia vibao hatusemi tena "bado". Tunasema "usiachie", na mshika kamba anajibu kwa kutikisa kamba mara moja. Vijana wanalisema kwa madaha kama wako kwenye onyesho. Taratibu peke yake ndiye aliyenuna. Alisema kamba haina subira ya maneno marefu. Tukamwambia wakati umebadilika, mzee, akasema sawa, akaendelea kukoroga chai yake.

Wiki ijayo tunahamia mnara wa mwisho, ule mkubwa wa pembeni. Ni mrefu kuliko mingine na uko karibu na feni la kukaushia nafaka, linanguruma mchana kutwa, ukitaka chumvi mezani lazima uonyeshe kwa kidole. Upepo nao uko upande huo. Usiwe na wasiwasi. Nikikwama nina neno la Unyoya.

Nimefurahi hakuanguka. Sijui kwa nini nakuambia hivi, lakini nimefurahi sana.

Mdogo wako

9 Julai

Binti yangu,

Marahaba. Kuhusu kukata kitabu tutaongea ana kwa ana, na siku hiyo usivae nguo unayoipenda.

Sasa nisikilize. Umekosea mara mbili. Kosa la kwanza ni kumdanganya mtu mzima. Mimi nimefundisha watoto maisha yangu yote na sijaona aliyelindwa na uongo wa dada yake. Ndugu yako anakiegemea hicho kitabu kuliko unavyojua, nami nimekatazwa kusema zaidi ya hapo, kwa hiyo usiniulize.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Umefunga kitabu pabaya. Unyoya hafi, mwanangu. Anaangukia kwenye majani makavu ya farasi, anavunjika, analala miezi, anaishi. Wewe ulikimbia kabla ya kufika kwenye majani. Na Nanga unamhukumu bure. Hakuchoka wala hakumchukia. Nakumbuka kulikuwa na neno. Alisikia neno moja kumbe lilisemwa lingine, na kurasa nyingi za mbele ni yeye akijieleza. Lenyewe neno limenitoka, ni miaka mingi na kichwa changu ni hicho hicho mnachokijua. Lakini nakumbuka nilipolisoma nilishtuka, nikaenda kulisema dirishani kwa sauti nijaribu.

Toa kurasa chini ya huo mto. Soma. Ukimaliza, mtumie mwenyewe.

Shangazi yako

15 Julai

Shangazi,

Sijui nianzie wapi. Barua yako na ya mdogo wangu zimefika pamoja leo asubuhi. Nilisoma ya kwake kwanza, nikacheka. Kisha nikasoma ya kwako, nikatoa kurasa, nikasoma nimesimama, mashine inaendelea kuzunguka bila kitambaa.

Nanga amekaa chini ya mkokoteni, hataki kula. Mwenye hema anamuuliza, ulimwachia kwa nini. Nanga anasema, aliniambia niachie. Mwenye hema anamwambia hapana, mzee wa farasi alikuwa karibu na ngazi na alisikia vizuri, binti alisema "usiachie". Nanga anafunika sikio kwa kiganja. Halafu anasema: "Ngoma zilikula mwanzo. Kwangu ulifika mkia."

Mkia wake ni "achie", shangazi. Ukikata "usi", kinachobaki ni kinyume chake. Mimi niliona midomo ya Unyoya ikisema kitu, na nilipokuwa natunga uongo wangu nikaweka neno ambalo mtu yeyote angelisema. Kumbe ndilo lenyewe. Ndilo lililomwangusha. Na kitabu kinaendelea, kinasema tangu siku ile mle hemani hakuna aliyeruhusiwa kutoa amri inayoanza na "usi", wakawa wanasema "bado". Lilelile la yule mzee. Mdogo wangu alikuwa nalo tayari, mimi nikamnyang'anya.

Na wiki hii ndiyo wanapanda mnara ulio karibu na feni.

Nilikimbia posta na kibwebwe changu cha kazini. Nikaomba karatasi ya telegramu, nikaandika USIPANDE, halafu mkono ukaganda. Karani aliniuliza kama nimesahau kuandika. Nilikuwa nalitazama lile neno. Mashine yao ikimeza mwanzo wake, mdogo wangu ataambiwa apande. Nikalikata, nikaandika upya. Sijawahi kuogopa herufi hivi.

Niombee, au uniombee nisamehewe, sijui kipi kinatangulia.

Binti yako

TELEGRAMU, 15 Julai

SEMENI BADO. BAKI CHINI HADI BARUA. DADA

16 Julai

Mdogo wangu,

Ndani ya bahasha hii kuna kipande cha mwisho. Hakikumwagikiwa na mafuta. Nilikudanganya. Unyoya alianguka, nami nilificha kwa sababu niliogopa ungeogopa. Ule mwisho wa ndoa na shamba la farasi niliutunga mimi. Na neno "usiachie" ndilo lililomwangusha, utaona mwenyewe kwenye kurasa za Nanga chini ya mkokoteni.

Mwambie Taratibu namwomba radhi. Rudisheni neno lake leo hii, kabla hujamaliza kusoma barua.

Nijibu hata kwa neno moja.

Dada yako

22 Julai

Shangazi,

Hakuna jibu. Telegramu walisema inafika siku inayofuata. Barua nayo ingekuwa imeshafika. Nimeenda posta kila siku, na karani sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani, ili nisipoteze muda wa foleni.

Kazini nimeharibu maturubai mawili. Nimeshona kwa kinyume, uso ndani. Msimamizi aliuliza kama naumwa, nikasema ndiyo. Kila sauti ya feni naisikia kama ndiyo ile. Hata ile feni yetu mbovu ya karakanani nimeizima, wenzangu wamenuna kwa joto na sijali.

Nikifumba macho naona vidole vinafunguka. Lakini sasa si vya Nanga, ni vyangu.

Kama amekuandikia wewe, niambie hata kama ni baya. Usinifichie kama nilivyomfichia yeye.

Binti yako

24 Julai

Dada,

Niko hai. Nimeanza na hilo kwa sababu najua hutasoma mengine kabla ya kuliona.

Sikukujibu mapema kwa sababu nilikuwa na hasira. Nilikaa na kipande chako siku nzima bila kukifungua. Sasa imepungua, haijaisha, lakini inaniruhusu kushika kalamu.

Telegramu yako ilifika tarehe kumi na sita asubuhi, nikiwa nimeshapanda. Mpishi aliipokea. Alikuja nayo hadi chini ya mnara, akaona niko mbali, akaitia kwenye mfuko wa aproni anisubiri nishuke. Alisimama hapohapo chini yangu nayo mfukoni muda wote.

Feni lilikuwa linanguruma. Nilikuwa nimepaka hadi kwenye ngazi ya chuma iliyofungwa ukutani, na pembe ya kibao ikakwama juu ya kipago kimoja cha ngazi. Kamba ikilegezwa pale, upande mmoja unashuka na mwingine unabaki. Niliona kamba inaanza kutikisika, nikajua Taratibu anajiandaa kunishusha. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, neno lako.

Alisikia "achie". Akaachia.

Kibao kilisimama wima. Ndoo ilipita karibu na sikio langu. Niliteleza nikabaki nimeshika kamba kwa mikono miwili, na kamba yenyewe inashuka pamoja nami. Sikupiga kelele tena. Nilimuwaza Unyoya, dada, jinsi ulivyonisimulia, nikasema Nanga hakuachia, Nanga hakuachia. Kisha kamba ikakaza ghafla, mabega yangu yakalia, nikasimama hewani.

Baadaye Taratibu alinieleza. Alipolegeza tu alijiuliza, huyu anataka kushuka kwa nini na hajapandisha ndoo ijazwe? Kila nikimaliza sehemu huwa napandisha ndoo kwanza. Wakati huo kamba ilikuwa inakimbia kwenye nguzo. Aliikamata kwa viganja vitupu. Yule mzee tunayemcheka kwa kukoroga chai, dada, aliikamata na hakuiachia mpaka vijana walipopanda wakanivuta. Viganja vyake vimeungua hadi nyama. Walipomfungua vidole, ilibidi wamfungue kimoja kimoja.

Mpishi alinipa telegramu nikiwa nimekaa chini. Nilisoma "baki chini" nikaanza kucheka, nikashindwa kunyamaza, wakanimwagia maji.

Nami nikuambie langu. Niliogopa tangu siku ya kwanza. Kila asubuhi. Shangazi anajua. Kule kuandika "siogopi" kulikuwa kwa ajili yako, ulale. Kwa hiyo wewe ulinificha ili nisiogope nilichokuwa nakiogopa tayari, nami nilikuficha ili usiogope ulichokuwa unakiogopa tayari. Mzee wa watu ndiye aliyeungua.

Jana nilifungua kurasa zako. Nikamsomea Taratibu, amelala, mikono imefungwa bendeji kama mikate. Tulipofika kwa Nanga chini ya mkokoteni akaniomba nirudie. Nikarudia. Akasema yule Nanga ni mtu mzuri, alikosa ndoo tu ya kumshtua.

Mdogo wako

2 Agosti

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa chini, kwenye sakafu, kwa sababu kiti kilikuwa mbali.

Sina la kujitetea. Namshonea mzee wako glavu za turubai laini, zenye bitana ndani, za kuvaa viganja vikipona. Nimetumia uzi ule mzito usiooza. Mwambie zinatoka kwa mtu aliyekuwa anaogopa jina lake.

Shangazi ametugombeza wote wawili kwenye barua moja ili kuokoa bahasha. Anasema kitabu kirudi kwake kizima, na kwamba gundi tununue sisi.

Nataka kukuuliza maneno matatu na nataka ukweli, hata kama utanikosesha usingizi. Sitakufichia tena kitu nami usinifichie. Sasa kamba anashika nani? Utarudi nyumbani lini? Na je, umeacha kuogopa?

Dada yako

13 Agosti

Dada,

Glavu zimefika. Taratibu amezivaa juu ya bendeji, hataki kuzivua hata akila, na mpishi analalamika.

Kamba nashika mimi. Mzee hawezi, na msimamizi alisema anayejua kilichotokea ndiye atakuwa mwangalifu. Chini yangu kuna kijana mgeni amekalia kibao. Taratibu anakaa nyuma yangu juu ya paa, mikono mapajani, ananitazama. Nilidhani kushika kungekuwa nafuu kuliko kuning'inia. Sivyo. Ukining'inia unaogopa mtu mmoja. Hapa juu naogopa watu wawili, yule kijana na mimi mwenyewe. Naisikiliza kamba mpaka masikio yanauma.

Tumerudisha neno la zamani. Asubuhi ya kwanza yule kijana alikwama palepale kwenye ngazi nilipokwama mimi, feni linanguruma. Akapiga kelele neno lile, likanifikia likiwa kamili, maana ni fupi na halina mkia wa kukatika. Nilikaza kamba nikaganda. Taratibu akasema, hivyo hivyo, akafumba macho.

Nyumbani nitakuja minara ikiisha. Bado mmoja.

Na umeuliza kama nimeacha kuogopa.

Bado.

Mdogo wako